Mashine Isiyokumbuka Majina

Bashiru Mshamu hakuwa na cheti cha kidato cha nne. Hakuwa na umeme, hakuwa na bati juu ya nyumba yake, hakuwa na ndugu katika ofisi yoyote, wala hakuwa na meno ya mbele ambayo yangemsaidia kutamka vizuri mbele ya wakubwa. Hakuwa na mshahara pia, ingawa kila siku baada ya swala ya alasiri alifundisha watu wazima kusoma na kuandika katika ghala la zamani la ushirika pale Mikorosheni, kijiji kidogo nje ya Kibiti, njia ya kwenda Dimani. Tangu juzi alikuwa na kompyuta, lakini kompyuta yenyewe haikuwa na hadi diski.

"Haina nini?" aliuliza mkewe Semeni, akiwa bado ameshika mwiko.

"Hadi diski. Ni kidude cha ndani kinachotunza mambo yote. Fundi wa Kibiti ameifungua akakuta nafasi tupu. Waliokuwa nayo walikitoa kabla ya mnada."

"Kwa hiyo umeninunulia fuvu."

Semeni alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa fuvu lile lilinunuliwa kwa mabati yake. Msimu mzima alikuwa amekaa dunguni, kibanda cha ulinzi juu ya nguzo, kule Maparoni, katika shamba la mpunga la delta, akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku, analiwa na mbu. Mpunga ule ukawa mabati, na mabati yakapangwa nyuma ya nyumba kungoja mbao. Kisha Semeni alikwenda kumtazama binti yao Mashavu, aliyejifungua kule Kiongoroni. Aliporudi alikuta nyasi zilizolala pale mabati yalipokuwa, na ndani, juu ya meza ya kulia, sanduku la rangi ya maziwa lenye kioo chake.

"Nilikosa kukuuliza, Mama Mashavu."

"Ulikosa, ndiyo. Mvua ikinyesha utatufunika na hicho kioo?" Akageukia sufuria yake. "Kula. Mkate wa jana huo. Mchele tumeugeuza kompyuta."

*

Siku ya pili mwenyekiti wa kijiji, Bwana Fikirini, alifika ghalani wakati darasa linaendelea. Alikuwa amefuatana na Benedict, mtendaji wa kijiji, kijana mpole kutoka bara ambaye alizoea kutazama viatu vyake wakubwa wanapozungumza.

"Mwalimu Bashiru! Au siku hizi tukuite Injinia?"

Wanafunzi, wengi wao wenye wajukuu, walicheka kwa adabu. Bashiru aliweka chaki chini, akamgeukia mkewe, naye mwanafunzi pale mbele.

"Karibuni. Semeni, wapishe wageni benchi."

"Hatukai. Nimekuja kwa jambo la ghala." Fikirini aliinua macho kwenye paa kama mtu anayekagua ng'ombe. "Unajua hizi ni zama za soko huria. Jengo la kijiji haliwezi kukaa bure. Bwana Tamimu wa Kibiti anataka kulipanga, aweke korosho. Kamati imeona ni jambo jema."

Ghala lile Bashiru alilifahamu kuliko chumba chake. Enzi za ushirika yeye ndiye aliyesimama kwenye mizani, akiita uzito wa magunia kwa sauti. Ushirika ulipokufa watu walichukua mizani, wakachukua madirisha, wakawaachia popo kilichobaki. Ni yeye aliyefagia kinyesi cha popo, akapaka ukuta mmoja masizi uwe ubao, akatengeneza ufunguo mpya kwa gharama yake. Hakuna aliyelitaka ghala mpaka lilipofagiwa.

"Halikai bure," alisema. "Hapa watu wanasoma."

"Wazee kusoma 'baba analima' mwaka hadi mwaka, hayo si maendeleo, Mwalimu. Dunia ni kompyuta sasa."

"Tunayo kompyuta."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Semeni, pale mbele kwenye benchi, alifumba macho.

Fikirini alitabasamu. Habari ya fuvu alikuwa ameshaipata. Kibiti nzima ilikuwa imeshaipata. "Vizuri sana. Jumamosi nitakuja na kamati. Tuione ikiwaka, na hawa watu wako tuwaone wakiitumia. Ikishindikana, ufunguo unanipa hapo hapo, bila maneno. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Walipoondoka, Bi Mwanajuma, mjane aliyekuwa mkubwa kwa umri darasani na mdogo kwa umbo, aliinua mkono kama alivyofundishwa.

"Mwalimu, samahani. Hiyo kompyuta inawaka?"

"Haiwaki, Bi Mwanajuma."

"Aa," akasema, akaandika kitu katika daftari lake.

*

Aliyewaokoa, kama kweli ulikuwa wokovu, ni Mwalimu Winifrida wa shule ya msingi. Alisikia kisa hicho dukani, Bashiru akichekwa mbele ya watu, akaja nyumbani kwake na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na sidii mbili zenye picha ya watoto kwenye jalada.

"Hodi. Mzee Bashiru, sitaki nikudanganye. Mimi mwenyewe sijawahi kuijaribu, shuleni kwetu hata taa hatuna. Kaka yangu yuko chuoni Dar es Salaam. Hizi zinatoka ng'ambo kwa posta, zinagawiwa bure. Ni mfumo mzima wa kompyuta, uliotengenezewa shule. Anasema huhitaji kuuingiza ndani. Unaweka sidii, unawasha, mashine inaendeshwa na sidii yenyewe. Haigusi kitu ndani."

"Na kama ndani hakuna kitu?"

Winifrida alifikiri. "Basi haitakuwa na cha kugusa."

Jenereta ya kijiji ilikuwa moja tu, ya banda la video. Mwenye banda alikubali kuiazimisha mchana, mradi irudi kabla ya filamu za jioni, na wao waweke petroli. Akadai pia mkeka. Semeni alikuwa na mkeka mpya wa ukindu, haujatandikwa hata siku moja. Aliukunja, akampelekea mwenye banda.

"Usinishukuru," alimwambia mumewe. "Nataka tu niyaone mabati yangu yakiwaka."

Alhamisi, ghalani, darasa zima likiwa limezunguka meza, Winifrida aliingiza sidii. Jenereta ikanguruma nje. Kioo kikatoa maandishi meupe, kikawa cheusi, kikakaa cheusi. Ndani ya sanduku kitu kikaanza kuzunguka na kukwaruza.

"Inakoboa," alisema Semeni. "Angalieni isije ikatoa pumba."

Wakangoja. Mtu mmoja akatoka kwenda kukojoa, akarudi, bado inakwaruza. Bashiru alisimama wima mikono nyuma, jasho likimshuka kwenye masikio. Kisha kioo kikapata rangi, na katikati ikatokea mistari ya picha ndogondogo: kitabu, kikokotoo, ramani ya dunia, herufi.

Bi Mwanajuma aliivuta kanga yake vizuri kichwani, kama mtu aliyefikiwa na mgeni ghafla.

Alasiri ile walijifunza kuishika mausi, kidude cha kusogezea mshale kiooni, ambayo iliwakimbia, na kuzitafuta herufi. Maneno mengi yalikuwa ya Kiingereza, lakini herufi ni zilezile. Kulikuwa na mchezo ambapo herufi zinaanguka kutoka juu na mtu anazipiga kabla hazijafika chini. Watu wazima, wakulima, wakashangilia kama wako kwenye mpira. Winifrida akawaonyesha ukurasa mtupu wa kuandikia, na mahali pa kubonyeza ili maandishi yatunzwe.

*

Hapa ieleweke desturi moja ya darasa la ghala. Ubao haukufutwa baada ya somo. Kilichoandikwa jioni kiliachwa mpaka kesho yake, ili aliyechelewa shamba au aliyeuguza apite asubuhi asome, na ili mwenye kutilia shaka ajionee kwamba watu wamefanya kazi. Kufuta ubao siku ileile kulihesabiwa utovu wa adabu, sawa na kufagia mbele ya mgeni.

Kwa hiyo Ijumaa, baada ya kutoka msikitini, Bashiru alipanga mambo kwa desturi hiyo. Winifrida hakuwepo, alikuwa na kikao shuleni. Mmoja mmoja walikaa mbele ya kioo. Kila mtu aliandika jina lake kamili na sentensi moja yake mwenyewe. Kazi iliwachukua mchana wote. Mmoja aliandika habari za mbuzi wake. Bi Mwanajuma aliandika jina la marehemu mumewe, akaliangalia, akaongeza nukta. Bashiru akabonyeza pale pa kutunza, akasoma orodha nzima kwa sauti, kisha akaizima mashine taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa darasa bila kugusa ubao.

"Kesho hatuna hata haja ya kusema," aliwaambia. "Watasoma wenyewe."

*

Jumamosi kamati ilikuja kamili, na Tamimu pamoja nao, amevaa saa kubwa na kandambili mpya. Waliwekewa mabenchi ya mbele. Wanafunzi walisimama ukutani. Jenereta ikanguruma, sidii ikakwaruza, kioo kikapata rangi, na wajumbe wawili wakasema "Lo!" bila kukusudia. Hata Fikirini alisogea ukingoni mwa benchi.

"Sasa," alisema Bashiru, "nitawaonyesha kazi ya wanafunzi."

Akaenda pale alipotunza. Hapakuwa na kitu. Akafungua mahali pengine, pakawa patupu. Alirudi mwanzo, akafungua tena, mshale ukicheza kiooni kama nzi.

"Yako wapi?" aliuliza Fikirini.

"Yalikuwepo. Jana watu wote waliandika."

Winifrida, aliyesimama kando ya meza, alimwinamia. "Mzee, jana mliizima?"

"Tuliizima. Jenereta si yetu."

"Basi yameondoka. Mfumo uko kwenye sidii, na sidii haiandikiki. Mashine haina pa kutunzia. Kila ukizima, inaanza kama haijawahi kukuona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia haigusi kitu."

"Uliniambia haigusi. Hukuniambia haishiki."

Walinong'ona, lakini ghala tupu hupeleka sauti. Tamimu alicheka wa kwanza. "Kompyuta hii inamfaa mtu mwenye madeni! Niuzie, Mwalimu, niwapelekee wanaonidai." Wajumbe wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akashika ubavu. Fikirini alisimama, akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Ufunguo, Mwalimu. Tulielewana bila maneno."

Bashiru alitia mkono mfukoni. Alikuwa mtu wa ahadi, na uso wake ulikuwa umeshakubali. Semeni aliuona uso ule. Aliwahi kuuona siku walipokuja kuchukua mizani.

"Mwenyekiti, hebu nipishe," alisema.

"Mama Mashavu, hiki ni kikao cha kamati."

"Na hayo ni mabati yangu. Kaa."

Fikirini akajikuta ameketi. Semeni alivuta kigoda mpaka mbele ya kioo, akafungua ukurasa mtupu, na kwa kidole kimoja, kile cha kukunia nazi chenye kovu, akaanza. S. Akaitafuta E. Hakuna aliyecheka tena, kwa kuwa ilikuwa polepole mno kuchekwa. Alipomaliza alikisogeza kioo kiwaelekee.

*Semeni binti Hamisi. Mpunga wa Maparoni nimelima mimi.*

"Imesahau yenyewe," alisema. "Mimi sijasahau. Bi Mwanajuma, njoo."

Bi Mwanajuma alikuja. "Msinihimize," aliwaambia wajumbe. "Herufi zenyewe wamezitawanya kama kuku waliopigwa jiwe." Akaandika jina lake, akaandika la marehemu mumewe, akaweka nukta. Wa mbuzi akaja. Wakaja wote, foleni kando ya ukuta, na walikuwa wepesi kuliko jana. Mjumbe aliyeshika ubavu alikuwa sasa amesimama nyuma ya kigoda, akinyoosha shingo. "Na mimi nikijaribu, Mwalimu? Langu fupi tu."

Fikirini aliona mambo yanamponyoka. "Imetosha! Tumeona. Lakini kitu kisichotunza hakiitwi kompyuta. Uamuzi ni uleule."

"Ndiyo, tusirefushe," alisema Tamimu, akitazama saa. "Lori langu linakuja Jumatatu. Na mwenyekiti, kodi yangu ya mwaka si nilishakupa tangu mwezi uliopita?"

Wajumbe walimgeukia mwenyekiti wao. Benedict aliacha kutazama viatu.

"Ofisini haijafika," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni... ilikuwa amana tu," alisema Fikirini.

Mkono wa Bashiru ulitoka mfukoni ukiwa mtupu. "Mkutano mkuu wa kijiji uliamua lini kupangisha ghala?"

"Usinifundishe kazi."

"Nimeuliza lini. Mimi huhudhuria mikutano yote. Nitajie siku."

Fikirini alisimama, akapangusa suruali. "Jumatatu nitakuja na mgambo na nyundo. Ufunguo kaa nao tu."

"Ufunguo nilikuahidi kama kompyuta haikuwaka, au kama watu hawakuweza kuitumia," alisema Bashiru, na pengo la meno halikumzuia kutamka hata herufi moja. "Imewaka. Wametumia. Sitoi."

*

Benedict alirudi peke yake baada ya wenzake kuondoka. Alisimama mlangoni.

"Mzee, mimi sijasema kitu. Lakini maneno ya mdomo yanaishia barabarani. Yakifika wilayani kwa maandishi, na yana majina ya watu, hakuna atakayesema hakuambiwa." Akaweka juu ya benchi kijikopo bapa cha wino. "Nimewaletea na hiki cha dole gumba, kwa ajili ya wasioweza kusaini."

Bashiru alikifunika, akamrudishia mkononi. "Ahsante, mwanangu. Hapa hakina kazi."

Petroli ilikuwa imebaki kidogo. Walikaa kuizunguka mashine na kuandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, kila mtu akisema lake na Bashiru akilipiga, kwa kuwa kwenye kioo neno baya hufutika bila kuchafua karatasi. Walibishana. Mwenye mbuzi alitaka waandike "tunaomba kwa unyenyekevu".

"Unyenyekevu wa nini?" aliuliza Bi Mwanajuma. "Tumeiba?"

Ukaondolewa. Semeni alikuwa amejitenga kidogo na karatasi ya mistari juu ya kipande cha ubao, anainua macho, anainamisha, ananakili.

"Unafanya nini?" aliuliza Bashiru. "Tumalize kwanza."

"Wewe malizia. Yaliyopotea jana yamenifunza."

Walikuwa katika sentensi ya mwisho jenereta ilipokohoa ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi. Safari hii hakuna aliyeshtuka. Semeni alikuwa amebakiwa na maneno machache, na kila mtu alikuwa anayajua. Wakamtajia kwa pamoja, akayaandika.

*Sisi wanafunzi wa ghala la Mikorosheni hatuombi msaada. Tunataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe, mwenyekiti aeleze kodi aliyopokea iko wapi, na ghala lisiguswe mpaka wenye kijiji waseme. Tumeandika wenyewe. Tukiulizwa tutaandika tena.*

Wakatia sahihi, majina kamili. Foleni ile ile, kando ya ukuta ule ule. Mjumbe wa jina fupi alikuwa amebaki nyuma. Naye akatia lake.

Usiku ule, wakiwa wawili nyumbani, Bashiru alisema, "Mabati nitakununulia."

"Kwa lipi? Acha maneno. Mvua ikija tutahamia ghalani." Akamenya muhogo kwa muda. "Ile ya herufi zinazoanguka. Kesho nitaicheza mimi kwanza."

*

Jumatatu asubuhi Bashiru alikaa mlangoni mwa ghala, ufunguo shingoni kwa kamba, na darasa lake limekaa pande zote mbili. Hawakushika silaha. Walishika madaftari. Semeni aliikunja barua, akaitia katika ile bahasha ya kaki ya Winifrida iliyogeuzwa nje ndani, akaifunga kwa gundi ya mkorosho aliyoitoa mwenyewe kwenye shina alfajiri, akaibana chini ya jiwe mpaka ikashika. Kisha akatembea mpaka Kibiti.

Dirishani posta alisema anataka iende kwa rejista. Karani alipima bahasha, akabandika stempu, akamsogezea kitabu cha kusaini. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mwenye haraka zake, aliitazama kanga iliyopauka na miguu yenye vumbi.

"Karani, mpe wino mama apige dole, tunachelewa."

Semeni hakugeuka. "Nipe kalamu," alimwambia karani.

Aliandika jina lake lote, na la baba yake, polepole, bila kuruka herufi. Mwanamume wa nyuma alihema. Semeni akaangalia alichoandika, akaweka nukta.

Nje, lori la Tamimu, bado tupu, lilipita likielekea njia ya Dimani, likirusha vumbi mpaka dirishani. Karani aligonga mhuri, akaitupa bahasha katika gunia la wilayani. Semeni hakuondoka.

"Mama, bado una shida?"

"Sina. Nangoja nione ukilifunga."

Karani alimtazama, akamtazama mwanamume wa nyuma, kisha akachukua kamba akalifunga gunia.